Gari la Bwana Pamba

Mwamvita alirudi kutoka matangani Lusangi siku ya Alhamisi, jua likiwa utosini, na kabla hajatua mzigo alijua kuna jambo. Wanawake waliokuwa wakitwanga muhogo kando ya njia walisimamisha michi walipomwona. Hakuna aliyemuuliza habari za msiba. Mmoja wao aliinama akajifanya anaokota kitu mavumbini, akabaki ameinama hivyohivyo mpaka Mwamvita alipopita.

Binti yake, Odile, alikuwa amemwacha kwa Léocadie, mke wa Placide, jirani yao hapo Kabambare. Alimkuta Léocadie ameketi chini mlangoni, bila mkeka, kama mfiwa.

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Mama Odile, unisamehe."

"Iko wapi?"

"Wamemubeba. Jana asubuhi. Ajenti wa Leta na maaskari, na kamio. Walikuwa na watoto wengine wa rangi yake, wametoka nao Salamabila." Léocadie alisema haraka, macho chini. "Nilimwambia, mama yake iko matanga, mumungojee. Akasema mutoto wa muzungu asiye na baba ni mutoto wa Leta. Nilimukamata mutoto mukono. Sikumwachilia, Mama Odile, hata alipolia kwamba ninamuumiza." Akavuta kitenge begani. Palikuwa pamevimba, pamepiga weusi, pale kitako cha bunduki kilipoingia.

Mwamvita alijua kwamba Leta, serikali ya wazungu, hairudishi inachochukua. Aliuliza walikompeleka.

"Kasongo, kwa watawa. Shofere wao alisema Jumapili, nyuma ya misa, wanashuka mutoni, wanavuka, wanapanda gari ya moshi. Kwenda wapi, yeye mwenyewe hajui. Mbali."

Kutoka Kabambare mpaka Kasongo, mwanamume mwenye miguu mizuri na asiye na mzigo hutembea siku nne, na mvua ikimkuta njiani hutembea tano. Kamio la wafanyabiashara, lori pekee la njia ile, lilikuwa limepita Jumatatu na lisingerudi upesi. Mwamvita alihesabu hayo yote akiwa bado amesimama na mzigo kichwani. Kisha akautua, akaenda nyumbani kwake, akafukua chini ya chungu cha maji na kutoa ufunguo.

Ufunguo ule aliachiwa na baba yake Odile. Alikuwa mzungu mnunuzi wa pamba, na kwa sababu hiyo watu walimwita Bwana Pamba. Jina lake la kwao wengi hawakuliweza. Alimchukua Mwamvita akiwa msichana, wakakaa nyumba moja, wakazaa. Mwaka bei ya pamba ilipoanguka, na wanunuzi wakubwa wakaacha kumtumia fedha, alifunga ghala, akapandisha gari lake juu ya magogo ndani ya banda, akampa Mwamvita ufunguo. "Tunza gari. Nitarudi mvua zikianza." Odile alikuwa bado anatambaa. Mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka Odile aling'oka meno ya mbele na kuota mengine. Sasa ulikuwa mwaka wa 1938, na hakuna aliyemtaja tena Bwana Pamba isipokuwa kutishia watoto.

Placide alikuwa shambani kwake, anapalilia. Ndiye aliyekuwa shofere wa Bwana Pamba. Tangu siku zile hakushika usukani tena, alishika jembe.

"Ndugu Placide, gari ile inaweza kutembea?"

Placide aliegemea jembe. "Mama Odile, ile gari imekufa."

"Sikuuliza kama imekufa."

"Imekaa miaka saba. Wewe mutu akikaa miaka saba bila kula, utamuambia asimame atembee?" Alijifuta jasho. "Na tena ni mali ya muzungu. Nikiigusa ni fimbo na kifungo. Unajua."

"Ruhusa ninayo mimi. Mwenyewe aliniachia." Akamwonyesha ufunguo kiganjani.

Placide hakuutazama sana. Alitazama kule ng'ambo ya shamba, kwenye paa la nyumba yake, ambako mkewe alikuwa bado ameketi mavumbini.

"Tuseme inatembea. Ukifika Kasongo utafanya nini?"

"Sijui. Nifike kwanza."

Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu hata ufunguo haukuzunguka. Placide alilipiga kwa shoka. Mlango ulipofunguka, popo walitoka kwa kishindo juu ya vichwa vyao, na harufu ya kinyesi chao ikawarudisha nyuma hatua kadhaa.

Gari lilikuwa pale pale, juu ya magogo yake. Lilikuwa jeusi zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya udongo. Panya walikuwa wamekula viti mpaka chuma. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba za tope kila penye tundu, na mchwa walikuwa wamekwisha kupanda gogo moja wakifuata mbao za gurudumu. Mwamvita aliona hayo, akashika nguzo. Placide alilizunguka gari polepole, akiligusa hapa na pale kwa ncha za vidole. Kisha akavua shati, akalitundika msumarini.

Alianza na manivele, kile chuma kirefu kilichopinda ambacho huingizwa mbele ya gari kuzungusha injini. Alikishika kwa mikono miwili akavuta. Akakipanda kwa mguu akakining'inia kwa uzito wake wote. Hakikusogea hata upana wa ukucha.

"Vyuma vya ndani vimeshikana," alisema. "Leta mawese. Yachemshe mpaka yatoe moshi."

Alifungua buji nne, zile plagi za kuwasha moto ndani ya injini, akamimina mawese ya moto katika kila tundu, akayafunika kwa matambara. Hawakuwa na la kufanya tena siku ile isipokuwa kungoja mafuta yashuke. Mwamvita alikaa bandani, mgongo kwenye gurudumu, akamfikiria Odile ambaye kabla ya matanga hayo hakupata hata siku moja kulala bila kushika pindo la nguo ya mama yake.

Ijumaa asubuhi manivele ilisogea kidogo, ikakwama. Placide aliirudisha, akaisukuma tena, huku na huku, akimimina mawese na kutukana kwa sauti ya chini kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, na jua lilipopanda injini ilizunguka mzunguko mzima, ikitoa sauti kama mtu mzee anayejinyoosha. Mwamvita alicheka kwa mara ya kwanza. Placide hakucheka.

"Bado haijala. Itakula nini?"

Pipa la esansi, petroli ya gari, lililoachwa pembeni lilikuwa limekauka; chini lilibaki gundi nyekundu inayonuka kama rangi ya mbao. Esansi nyingine Kabambare yote ilikuwa katika depo ya Leta, chini ya kufuli na askari. Mwamvita alikwenda kwa mjomba wake Abdallah, mwenye duka dogo karibu na msikiti. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na madebe mawili ya mafuta ya taa, yaani yote aliyokuwa nayo.

"Wakikuuliza, uliyaiba," alisema. "Mimi nilikuwa ninaswali."

Placide alitikisa madebe akaridhika nusu. "Mafuta ya taa itaendesha injini ikishapata moto. Lakini kuiamsha haiwezi. Kuiamsha kunataka kitu kikali." Akatazama pembeni, maana alikuwa akisema na mwanamke Mwislamu. "Lutuku. Si ile ya kunywa. Ile ya kwanza kabisa, inayotoka kabla ya kuchanganywa."

Mpika lutuku alikuwa Ernestine, mjane aliyekaa kijitoni, ndani ya michikichi, kwa sababu Leta ilikataza pombe ile na yeye alikwisha kufungwa kwa ajili yake. Tangu utoto Mwamvita hakupita njia ya kwake. Ernestine alipomwona alisimama, mikono kiunoni.

"Leo bibi wa muzungu anakuja kunywa kwangu?"

Mwamvita alipiga magoti kwenye matope. Alijaribu kueleza habari ya gari, ya injini, ya Jumapili, maneno yakamchanganyikia, akabaki anarudia jina la mtoto tu.

Ernestine akaingia nyuma ya mitungi, akatoa kibuyu kilichozibwa kwa nta. Akadondosha tone juu ya jiwe, akaligusa kwa kijinga cha moto. Mwali wa buluu uliruka, mwembamba, karibu usionekane.

"Hii inaua mutu," alisema. "Nilikuwa nimeiweka nichanganye ya sikukuu. Beba. Mimi watoto wangu watatu niliwazika, ninajua walipo. Wewe unataka kubaki ukiuliza upepo?"

Jioni ile walihangaika na magurudumu. Mipira ya ndani ilipotolewa ilivunjika mikononi kama kisamvu kilichokauka. Placide alisema wajaze majani makavu. Yalipopigwa yalisagika yakawa vumbi, na gurudumu likabaki limelegea. Alikaa chini akatazama mikono yake. Hapo Léocadie aliingia bandani na kapu kubwa kichwani, na nyuma yake Fidèle, mtoto wao wa kwanza, na wadogo zake, kila mmoja na kapu lake. Ilikuwa pamba, mavuno yao yote ya msimu, iliyokuwa ikingoja siku ya soko.

"Hiyo ni ya kodi," Placide alisema.

"Ninajua ni ya nini."

"Tutalipa na nini?"

"Baba Fidèle, mutoto alitoka mikononi mwangu." Léocadie alipiga magoti kando ya gurudumu akaanza kushindilia pamba ndani ya mpira wa nje kwa mwiko. Placide akavuta gurudumu la pili. Walishindilia wote, wakubwa na wadogo, wakaipiga kwa mchi mpaka mipira ikawa migumu kama magoti ya mbuzi.

Jumamosi alfajiri wakashusha gari kutoka juu ya magogo, wakalisukuma mpaka nje. Bwana mkubwa wa Leta hapo Kabambare alikuwa safarini akikagua mashamba, na hiyo ndiyo bahati pekee waliyopata. Placide alikuwa amekausha kando ya moto kisanduku cha mbao chenye koili zinazotoa cheche. Alikirudisha, akamimina lutuku kidogo katika kila tundu la buji, akafunga, akashika manivele.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu koili zililia kama nyuki kwenye mzinga, injini ikakohoa, na bomba la moshi likatema nyumba nzima ya nyigu mpaka ng'ambo ya njia. Watoto wakapiga kelele. Placide akaongeza lutuku, akavuta tena kwa nguvu zote. Hakujua kwamba kishikio kidogo cha kuchelewesha cheche, chini ya usukani, kilikuwa kimeteleza chenyewe kwa uchakavu. Injini ilirudi nyuma. Manivele ikageuka kinyume kama nyoka aliyekanyagwa, ikampiga mkono wa kulia. Wote walisikia mfupa ukivunjika.

Placide alikaa chini taratibu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Léocadie alichana kitenge, akaufunga mkono kwa vipande vya mwanzi. Mwamvita alisimama akitazama barabara ya Kasongo, nyekundu, tupu, ikipanda kilima na kupotea. Kesho kama wakati huu misa ingekuwa inaanza.

Aliifuata manivele, akaishika.

"Mama Odile, acha," alisema Placide. "Itakuua bure."

"Niambie ninashika namna gani."

Placide alifumba macho. "Kidole kikubwa usikizungushe. Kiweke upande mumoja na vingine. Vuta kwenda juu. Usisukume chini hata siku moja." Kisha kwa sauti ya chini: "Léocadie, nipandishe kitini. Nitashika kishikio cha cheche mimi mwenyewe, kisiteleze tena."

Mwamvita alivuta. Manivele ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Ilimnyanyua yeye badala ya yeye kuinyanyua. Alivuta tena. Léocadie alikuwa akimimina lutuku, Placide akielekeza, na Mwamvita akavuta mpaka viganja vikachubuka na chuma kikawa kinateleza. Injini ilikohoa ikafa. Ikakohoa ikafa. Lutuku kibuyuni ilikuwa imefika nusu.

Hapo ndipo alipoanza kumtukana Bwana Pamba. Miaka yote ile hakumsema kwa ubaya hata mara moja, si kwa ndugu zake waliomcheka, si kwa mtoto alipouliza. Sasa kila alipovuta alitoa neno. Mwongo. Mwizi. Uliondoka na nguo zako zote. Hukuacha hata jina lako. Ulisema mvua. Mvua gani? Mvua gani, mwana wa mama asiye na haya? Sauti yake ilipanda mpaka watu wakatoka majumbani, na wale wanawake wa kutwanga wakaja wakasimama mbali, mikono vinywani. Alivuta akiwa haoni kitu kwa machozi, na injini ikashika.

Ilishika kwa mlio mbaya, kama madebe yanayoanguka ngazini, moshi wa buluu ukafunika njia. "Usiiachilie!" Placide alikuwa akipiga kelele, hajui anamwambia nani. Léocadie alifungua mafuta ya taa. Injini ilisita, ikapepesuka, ikameza, moshi ukageuka mweupe, na ikaendelea.

Mwamvita alipanda kando ya Placide. Placide alishika usukani kwa mkono wa kushoto na kukanyaga vikanyagio; kishikio cha mafuta, kilichokuwa upande wa kulia, kilikuwa cha Mwamvita. "Teremusha," Placide angesema, naye akateremsha. "Pandisha." Hivyo ndivyo walivyoendesha, watu wawili wenye mikono mitatu mizima kati yao.

Pale kwenye kilima kirefu cha kwanza injini ilianza kuzimika, kwa kuwa tangi lilikuwa chini ya kiti na mafuta hayakuweza kupanda kufika mbele. Placide aligeuza gari, wakapanda kilima chote kinyumenyume, shingo zimepinda nyuma, shimo upande mmoja na msitu upande mwingine. Kwenye daraja la magogo Mwamvita alishuka akatembea mbele, akisukuma kila gogo kwa mguu kuona kama limeoza. Kila penye kijito walijaza maji katika radiata, iliyovuja kupita walivyoweza kuiziba kwa unga wa muhogo.

Na kila kijiji walichopita, watu walitoka. Watoto walikimbia nyuma, lakini wakubwa walivua kofia. Kapita mmoja, msimamizi wa kijiji, alikimbia kutoka nyumbani kwake akifunga vifungo, akasimama wima kando ya njia, akapiga saluti kwa kile kiti cha nyuma kisicho na mtu.

"Bwana Pamba amerudi!" watu waliitana. "Bwana Pamba amerudi!"

Mwanzoni Mwamvita hakusikia. Masikio yake yalikuwa kwenye injini. Kijiji cha pili alisikia, akachukia. Cha tatu aliinama sikioni mwa Placide, akasema:

"Ndugu Placide, yule ajenti alisema mutoto asiye na baba."

"Ndiyo."

"Na akiwa na baba?"

Placide aligeuka akamtazama, gari likaingia shimoni likatoka. "Mama Odile, hilo neno ni la kifungo kirefu."

"Nimekuuliza akiwa na baba?"

"Akiwa na baba, Leta haina neno."

Giza liliwakuta njiani, na taa hazikuwaka, wakasimama. Placide hakula, maumivu yalimfanya atetemeke kama mwenye homa. Kulipopambazuka Mwamvita alitumia lutuku ya mwisho, mpaka tone, na injini ikashika kwa huruma ya Mungu.

Waliingia Kasongo watu wakitoka kanisani. Mbele ya nyumba ya watawa kamio lilikuwa tayari, nyuma wazi, na kando yake mstari wa watoto wenye rangi ya asali, wote katika magauni na mashati meupe ya namna moja, vichwa vimenyolewa. Mwamvita hakumtambua wake mara moja, na jambo hilo lilimchoma kuliko yote.

"Usizime," alisema. "Litakalotokea litokee, usizime."

"Hata nikitaka kuiwasha tena, na nini?"

Alishuka. Alikuwa amefunga kilemba upya, amejifuta uso. Watu walikuwa wamekwisha kulizunguka gari. Ajenti alikuja, kijana mwenye uso mwekundu, na kando yake mtawa mzee aliyejua Kiswahili.

"Gari hii ya nani?" mtawa aliuliza.

"Ya baba yake Odile, Mama. Amerudi Kabambare. Safari imemuangusha, iko mugonjwa, hawezi kukaa juu ya gari. Amenituma na shofere wake. Anataka mutoto wake."

Mtawa alitafsiri. Ajenti alilitazama gari, mbele na nyuma, viti vilivyoliwa, magurudumu yaliyotoka pamba penye nyufa. Akamtazama Placide, ambaye alikaa wima kama siku zile, mkono uliovunjika ameuficha chini ya koti, jasho likimtiririka shingoni. Akauliza kwa nini yule bwana hakuandika barua.

"Barua mutu yeyote anaandika," Mwamvita alisema. Akalinyooshea gari kidole. "Lakini hii gari ni ya nani mwingine? Waulize hawa."

Hakuhitaji kuuliza. "Ni ya Bwana Pamba," alisema mzee mmoja kutoka katika kundi. "Ninaijua. Nilimuuzia pamba." "Ni yake kabisa," alisema mwingine. Na askari mmoja, wa makamo, alipiga visigino akasema naye aliwahi kumwona yule bwana ndani ya gari hilo hilo.

Injini ilisita. Ilipiga mara moja, ikanyamaza, ikapiga. Mwamvita hakugeuka nyuma; alijua kwamba akigeuka kila kitu kitaonekana usoni pake. Alisikia Placide akiinama, pumzi ikimtoka kwa maumivu, akisukuma kishikio cha mafuta kwa goti. Injini ikapata nafasi yake.

Mtawa hakuwa akilitazama gari. Alikuwa akitazama mikono ya Mwamvita, ambayo ngozi yake ilikuwa imetoka viganjani na damu imekauka katikati ya vidole. Akainua macho, wakatazamana. Mwamvita alijua kwamba mwanamke yule amejua. Alingoja aseme.

Mtawa alimwambia ajenti maneno machache kwa lugha yao. Kisha akaenda kwenye mstari, akamshika Odile begani, akamleta.

Ajenti alipandisha mabega. Alisema kesho kutwa atapita Kabambare mwenyewe kumwamkia huyo bwana, na kama kuna uongo wataonana. Mtawa alitafsiri yote, neno kwa neno, bila kumtazama mtu.

Mwamvita alimpandisha mtoto, akapanda, wakaondoka. Watoto wengine walibaki mstarini. Mmoja, mvulana mdogo kuliko Odile, alipiga hatua mbili kulifuata gari, kisha askari akamrudisha.

Odile hakulia wala hakumkumbatia mama yake. Alikaa katikati yao, mikono mapajani, mpaka nyumba za Kasongo zilipokwisha. Ndipo aliposema: "Kwa nini ulienda matanga?"

Mwamvita alimvuta akambana ubavuni, kichwa kile kilichonyolewa chini ya kidevu chake, na mtoto alikaza mwili kwanza, kisha akaulegeza.

Gari lilikufa penye mteremko wa kijito, si mbali sana na mji. Halikulia, lilinyamaza tu, likaserereka kidogo, likasimama. Placide aliegemeza kichwa kwenye usukani.

"Sasa imekufa kweli," alisema. Walikaa wakisikiliza maji. "Mama Odile, ondoka. Usishike njia ya Kabambare."

"Na wewe?"

"Mimi nina muke na watoto. Nitakwenda wapi, na mukono mumoja? Nitasema ulinidanganya. Ulisema Bwana amerudi, nami nikaamini."

"Watakusadiki?"

"Hapana." Alijaribu kutabasamu. "Lakini usinieleze unakokwenda. Fimbo ina namna yake ya kuuliza."

Mwamvita alitaka kupiga magoti mbele yake. Placide akamkataza kwa ishara ya kichwa. Basi alimbeba Odile mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa kwa kubebwa, akaingia kwenye njia ndogo ya upande wa kaskazini, kuelekea msituni kwa Walega, ambako nyanya mzaa mama yake alitoka. Hakugeuka kumtazama mwanamume aliyeketi peke yake ndani ya gari.

Walipokelewa. Odile aliitwa Zaina, akajifunza Kilega, na wageni wenye kofia za Leta walipokuja kuhesabu watu alipelekwa mashambani mpaka waondoke. Nywele zilirudi. Alikuwa na tabia ya kuamka usiku na kupapasa kama mama yake yupo, na tabia hiyo haikumtoka hata alipovunja ungo.

Mwaka wao wa pili huko ulipofika katikati, mchuuzi wa chumvi alipita akitokea Kabambare. Mwamvita alimpa kigoda, akamuuliza habari za huko kama mtu asiye na haja nazo. Mchuuzi alisimulia hili na lile, kisha akafika kwenye habari ya shofere mmoja. Alipigwa fimbo, alisema, akafungwa Kasongo. Waliuliza mwanamke alikokwenda, wakauliza tena na tena, naye akasema hajui. Mkono ulishika vibaya, umepinda, hawezi jembe. Mke wake ndiye anayelima sasa, pamba ya mwaka huu na deni la ile ya zamani.

"Na huyo muke," Mwamvita aliuliza, "anasema nini?"

"Atasema nini? Analima. Watu walimwambia alaani huyo mwanamuke aliyemuharibia nyumba. Akasema yeye hana wa kulaani."

Mwamvita alibaki ameshika nguzo ya nyumba. Odile alitoka ndani akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana. Baadaye, akiweza, angemweleza yote, jina moja baada ya jingine. Kwa sasa alichukua chungu, akaenda kupika sombe, majani ya muhogo, maana mgeni alikuwa ametoka mbali na alikuwa hajala tangu asubuhi.